Mkwe Hatajwi Kwenye Fomu

Rhoda hakuzaa, na katika maisha yake yote ni mtoto mmoja tu aliyembeba kiunoni mpaka kiuno kikamuuma. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuwa mkwe wake. Mgeni atauliza, mwanamke asiye na binti anapataje mkwe? Ukwe wa huku kwetu tambarare, kaskazini mwa Australia, haungoji harusi. Mtu anazaliwa nao. Ukishajulikana mama yako ni wa kundi gani, imeshajulikana nani ni ndugu yako, nani mjomba wako, na wanawake gani watakuwa wakwe zako mpaka uingie kaburini. Mkwe hutazamani naye. Huongei naye, hupandi naye gari moja, na jina lake hulitamki hata ukiwa peke yako chooni. Chakula unampelekea, tena kile kilichonona, lakini unakiweka mbali, naye anakuja kukichukua ukishaondoka. Ni heshima, si chuki. Wapo watu waliopendana hivyo miaka arobaini bila kuonana macho.

Watoto wadogo wamesamehewa haya yote, na hapo ndipo Rhoda alipoponzeka.

Enosh alizaliwa mama yake akiwa tayari mgonjwa wa figo. Mwanzoni mama huyo alikuwa akienda mjini Darwin kwenye mashine ya kusafisha damu na kurudi, baadaye akawa hawezi tena kurudi, na mwisho akarudishwa kwenye sanduku. Bibi wa mtoto alikuwa mtu wa kukaa kitako tu, magoti yameshastaafu. Nyumba ya Rhoda ilikuwa ya tatu kutoka pale, na mume wake alikuwa akishinda wiki nzima kwenye nyua za nyati. Akamchukua mtoto. Alikwenda naye tambarare kutafuta kobe, mtoto kiunoni, mtaimbo begani, na aliporudi jioni watu walimtania kwamba siku moja ataukalisha mtaimbo kitako na kumtupa mtoto kwenye kona.

Mtoto alipokuwa na miaka mitatu alianguka kinyumenyume kwenye moto wa kuchomea kobe, kaa likamnasa nyuma ya sikio la kushoto. Rhoda alilitoa kwa vidole vyake mwenyewe, na mwezi mzima akampaka mafuta ya kobe. Kidonda kilipona kikaacha kovu la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, limekunjamana, halioti nywele. Akimlaza alikuwa akilipapasa mpaka usingizi umchukue mtoto, na mara nyingine ulimchukua yeye kwanza.

Enosh alipofika miaka tisa hivi, Rhoda alikuja asubuhi moja na ini la kobe amelifunga kwenye jani, maana mtoto alipenda ini kuliko sukari. Bibi yake alikuwa barazani anasuka kikapu. Hakuinua uso.

"Weka hapo chini, mama," alisema. "Kijana amekua."

Rhoda aliliweka chini. Nyuma ya tangi la maji aliona kivuli cha mtoto kimejibanza, akaelewa kwamba hakuna aliyemwambia ajifiche wakati ule. Alikuwa ameshafundishwa, amejificha mwenyewe, kwa adabu. Rhoda hakulia. Alirudi kwake akafua nguo ambazo zilikuwa safi. Tangu siku hiyo hakumwona tena usoni, na niseme kweli, haikupita siku asitamani kumwona.

Miaka kumi na miwili ikapita. Enosh alipelekwa shule ya bweni Darwin, halafu chuo, kusomea mambo ya maji na udongo na viumbe. Habari zake zilimfikia Rhoda kwa mdomo wa Beryl, wifi yake, dada wa marehemu mume wake. Kwa Enosh, Beryl hakuwa mkwe bali shangazi, kwa hiyo yeye aliruhusiwa kumwona, kumkumbatia na kumtukana, na kila alipotoka mjini alirudi na habari kama mwenye duka. Rhoda hakuuliza habari za kijana. Hakosi adabu kiasi hicho. Aliuliza hali ya hewa.

"Darwin kumenyesha?"

"Kumenyesha," Beryl alijibu, huku akijimiminia chai isiyo yake. "Na ana ndevu tatu. Nimezihesabu."

Basi mwaka huo, miezi ya ukame ilipoanza, chuo kilitangaza mpango wa fedha kwa wanafunzi wenyeji wanaosomea mazingira. Ukichaguliwa unalipwa posho ya wiki kumi urudi kwenye ardhi ya kwenu, ufanye utafiti wako mwenyewe, si wa profesa, chini ya mtu wa kwenu anayeijua ardhi hiyo. Nafasi zilikuwa nne kwa kaskazini yote. Enosh aliandika kwamba anataka kujua kwa nini kobe wa shingo ndefu wanapungua kwenye tambarare yetu. Fomu ikamuuliza: nani atakuongoza? Fomu za Wazungu zinapenda majina kama nzi anavyopenda kidonda. Na kwa kobe, huku kwetu, ukiuliza hata mtoto atakuonyesha nyumba ya Rhoda. Wanaume hawachimbi kobe. Kobe wao wanamjulia kwenye sahani.

Enosh aliitazama nafasi ile tupu siku mbili. Siku ya tatu, fomu ikiwa karibu kufungwa, akalichapa jina la mkwe wake, herufi kwa herufi, midomo ameifumba. Alijihesabia haki kwamba hakulitamka. Kosa la namna hiyo linahitaji mtu wa huku kulifanya, tena mwenye adabu.

Jibu lilikuja kwa Philippa, Mzungu aliyekuwa msimamizi wa ofisi ya walinzi wa ardhi, mwenye moyo mzuri na haraka nyingi. Jumatatu asubuhi, watu wamejaa uani wanangoja magari yagawiwe, alitoka na karatasi akaisoma kwa sauti ya harusi. Enosh wetu amechaguliwa! Na hapa Enosh ameandika kwamba mwongozaji wake ni Rhoda, ambaye anatakiwa aweke sahihi kabla ya Ijumaa, nafasi isije ikapewa mwingine.

Uani zikasikika kucha za mbwa wanaojikuna. Wanaume walitazama viatu vyao. Mjomba wa Enosh alikohoa. Rhoda, aliyekuwa miongoni mwao, alivuta kitambaa cha kichwani kikafunika uso, akaondoka kwa kuzunguka nyuma ya banda la matairi, na Sajenti, mbwa wake mzee wa sikio moja, akamfuata. Philippa alibaki na karatasi yake mkononi akiuliza amesema nini kibaya, na watu wote wakamwambia hakuna, maana ndivyo tunavyowajibu Wazungu tukiwa na aibu.

Beryl alimkuta wifi yake jikoni anakata kitunguu ambacho hakikuwa na mchuzi wa kuingia.

"Umetajwa, wifi," alisema Beryl. "Tena kwa karatasi yenye nembo."

"Nyamaza."

"Mimi marehemu mume wangu aliishi nami miaka ishirini hakuwahi kuandika jina langu popote. Wewe mkwe wako amekupeleka mpaka serikalini."

"Mji umemharibu," alisema Rhoda. "Mtoto mwenye adabu hawezi."

"Umekasirika?"

Rhoda aliendelea na kitunguu. Alikuwa amekasirika, ndiyo, mashavu yalikuwa bado ya moto kwa aibu ya uani. Lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine ambacho hakutaka Beryl akione: kwamba kijana, akiulizwa na ulimwengu ni nani aijuaye tambarare, alimkumbuka yeye. Kwa miaka kumi na miwili hakujua kama anakumbukwa. Sasa amejua, kwa njia mbaya kuliko zote.

Philippa naye alikuja alasiri, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akauliza kwa upole kama kuna ugomvi kati ya familia hizi mbili. Alieleza kwamba jopo la chuo lingependa kuwaona mwanafunzi na mwongozaji wake wameketi pamoja, waongee kidogo kwenye skrini, ili liamini kwamba wanaelewana. Kama haiwezekani, basi afadhali aandikwe Mzee Alfred, ambaye hana matatizo na mtu. Beryl alicheka mpaka akashika ukuta. Mzee Alfred alikuwa akimwogopa kobe akiwa hai.

Mgeni alipoondoka Rhoda alikaa barazani muda mrefu. Hesabu yake ilikuwa fupi. Asipoweka sahihi, kijana haji, na yale aliyoyajua yeye juu ya tope na kobe yataingia naye kaburini, maana wasichana wa siku hizi mtaimbo wanauona mzito. Akiweka, kijana atakuja, na hatamwona vilevile. Ila atamsikia akikohoa. Atajua yuko pale, nyuma yake, kwenye tope lilelile. Mtu mwenye njaa ya miaka kumi na miwili hakatai harufu ya chakula.

"Beryl," alisema. "Jina lile lifutwe."

"Liandikwe la nani?"

"Lako."

Hivyo ndivyo Beryl, aliyekuwa haingii kwenye tope hata kwa kulipwa, alivyokuwa mwongozaji rasmi wa utafiti wa kobe. Alipewa shati lenye nembo ya chuo na kofia, akavaa vyote viwili kwenda dukani na kanisani. Alikaa mbele ya skrini na Enosh aliyekuwa Darwin, akalieleza jopo habari za kobe kwa maneno ambayo Rhoda alimfundisha jana yake, na alipoulizwa swali asilolijua alijibu kwamba hilo ni siri ya wanawake. Jopo liliandika kwamba limeridhika. Na Enosh, kabla hajakanyaga nyumbani, alimtuma mjomba wake kwa Rhoda na fidia ya jina: gunia la unga, majani ya chai, na blanketi jekundu. Viliwekwa kwenye mti wa mpakani, mahali ambapo vitu vya wakwe huachwa. Rhoda aliviacha pale mpaka jua likawa utosini, watu waone kwamba amekasirika, halafu akavichukua.

Kijana alifika Agosti. Kila asubuhi walitoka kwa magari mawili. Tambarare ilikuwa imeshakauka juu na kupasuka vipande, na chini ya magamba yale tope bado bichi, kobe wamelala humo wakingoja mvua. Rhoda alitangulia peke yake, mtaimbo mkononi. Hatua mia moja nyuma yake alikuja Beryl na mwavuli, na nyuma ya Beryl hatua mia nyingine alikuja Enosh na visanduku vyake vya kupimia. Rhoda alidunga tope, akasikiliza, akasogea, akadunga. Mzizi unaurudisha mtaimbo. Jiwe linalia kwa ukali. Kobe analia kama mlango wa mbao ukigongwa na mtu mwenye adabu. Akimpata, Rhoda alimgonga mara mbili polepole, ili sauti ifike nyuma, kisha akasogea mbele bila kugeuka. Enosh alikuja pale, akachimba, akampima kobe, akamwandika, akapima na tope. Kufika wiki ya pili alikuwa anasikia tofauti ya mzizi na kobe akiwa mbali hatua mia mbili. Beryl alikuwa hapo katikati na bado hajui.

Wakati wa kurudi ilibidi Rhoda apite karibu naye, kwa kuwa njia kavu ilikuwa moja. Enosh alikuwa akisimama pembeni na kumpa mgongo mpaka apite. Na Rhoda, sitamficha, alikuwa akitupa jicho. Mgongo si uso. Lakini walinzi wa ardhi wanavaa kofia zile zenye pazia la kuzuia jua shingoni, na kijana alipewa moja, akawa haivui. Siku zote alichokiona ni pazia la kaki na shati lililolowa jasho.

"Macho hayana pazia, wifi," Beryl alimnong'oneza mara moja. "Bahati mbaya kofia inalo."

"Nilikuwa naangalia mawingu."

"Mawingu yamevaa kaki?"

Wiki ya sita maji yalikuwa yamebaki kwenye dimbwi moja tu refu, chini ya miti ya magome meupe. Joto lilikuwa limemlaza Beryl chini ya mwavuli wake. Rhoda alinyoosha mgongo apumzike, na kwa pembe ya jicho akaona kijana ameacha mstari, anaelekea ukingo wa dimbwi na kisanduku cha kupimia chumvi, ameinama anakitazama. Kisha Rhoda akaona tope la ukingo. Kulikuwa na alama ya tumbo, pana kama mlango, mbichi, imeingia majini. Ya kutoka haikuwepo.

Mkwe haitwi. Beryl, ambaye angeweza kumwita, alikuwa anakoroma. Miguuni pake alilala Sajenti.

"Sajenti!" alisema kwa sauti iliyovuka tambarare yote. "Wewe mbwa usiye na akili, toka hapo ukingoni! Mamba ameingia humo, hajatoka! Rudi nyuma polepole, usimpe kisogo!"

Sajenti aliinua kichwa akamtazama kwa uchungu, kama mtu aliyesingiziwa. Kule ukingoni Enosh alisimama. Alirudi hatua moja, ya pili, ya kumi, uso ameuelekeza majini, mpaka akafika kwenye nyasi. Maji yalitikisika kidogo pale alipokuwa anataka kutumbukiza kisanduku, yakatulia.

"Asante, Sajenti," alisema, bila kugeuka.

Ilikuwa sauti nene, ya mwanamume. Rhoda alikuwa ameiacha ikiwa ya mtoto, na katika mawazo yake yote ya miaka ile haikuwahi kukua. Alikaa chini kwenye tope kavu. Beryl alipoamka alimkuta anamkuna mbwa kichwani na kumwita mwanangu.

Tangu siku hiyo hakuna mbwa aliyesemeshwa kuliko Sajenti. Enosh alikuwa akiuliza kwa sauti, mgongo huku, kwa nini hawachimbi kule karibu na mkondo unaoshuka baharini. Rhoda akajibu, mgongo kule:

"Sajenti, mwambie tope la kule limeingia chumvi. Nguruwe pori wamefukua kingo, maji ya bahari yamepata njia. Mwambie zamani, nilipokuwa na mtoto kiunoni, tulikuwa tukitoa kobe kumi pale kabla jua halijapanda. Mtoto alikuwa anawahesabu. Alikuwa anaruka namba saba."

Enosh akakifunga kisanduku alichokuwa ameshika. Beryl akafunga mwavuli wake, ingawa jua lilikuwa kali.

"Sajenti," alisema Enosh baadaye, "mimi nilidhani kuandika si kutamka."

"Sajenti, mwambie mkono nao una mdomo."

"Nimekosa, Sajenti."

"Mwambie unga ulikuwa mzuri. Blanketi linawasha."

Visanduku vya Enosh vilipopima mkondo ule, sindano ilipanda palepale Rhoda aliposema itapanda, na pale ambapo alisema kobe wamehamia, chini ya miti ya magome meupe, ndipo walipokuwa. Enosh aliandika yote. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuandika kwamba chumvi imeingia mwaka gani, maana chuo hakikuwa na kipimo cha zamani hivyo. Rhoda alikuwa nacho: mwaka ambao mtoto alianza kutembea, tope la pale lilikuwa bado tamu, na mwaka alioondoka kwenda bweni halikuwa tamu tena.

Wiki kumi ziliisha kama mtu amezivuta kwa kamba. Siku ya kuondoka, Rhoda alikuta kwenye mti wa mpakani ini la kobe, limefungwa kwenye jani. Alisimama nalo mkononi mpaka vumbi la gari likatua.

Novemba, mawingu ya kwanza yakinguruma bila kutoa kitu, ikaja siku ya wanafunzi wanne kusimama Darwin mbele ya jopo na ukumbi wa watu na kueleza walichokipata. Fedha za mwaka wa pili zilikuwa za wawili tu, na Enosh alizitaka kwa sababu bila hizo hakuna Agosti nyingine. Rhoda alizitaka kuliko yeye. Philippa aliweka skrini kubwa ofisini ili watu wa nyumbani waone na kusikia, na wa Darwin nao wasikie huku. Rhoda alikuwa amepanga kukaa nje, chini ya dirisha, aisikie sauti tu. Beryl akaja na ujumbe wa simu.

"Amesema uingie ndani. Ukae kiti cha mbele. Uangalie skrini kama watu wengine."

"Amesema nini?"

"Mbele kabisa, amesema. Macho wazi."

Basi mji umemharibu kweli, alifikiri Rhoda, na yote yale ya mbwa na mgongo yalikuwa kunistahi tu kwa sababu mimi ni mzee. Uso kwenye kioo ni uso. Lakini alijifunga kitambaa chake, akaenda, akakaa kiti cha mbele kwa sababu ameitwa, akakivuta kitambaa mpaka kidevuni na kufumba macho ndani yake. Alisikia mwanafunzi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akasikia jina la Enosh likiitwa, viatu vyake vikipanda jukwaani. Akasikia watu wa ukumbini wakinong'ona, na mwanamume mmoja mwenye sauti ya mkubwa akisema kwa Kiingereza, kwa upole, kwamba kamera na watu wako upande huu, kijana.

"Najua," Enosh alijibu. "Nina mwalimu. Jina lake sitalisema, na kwenye ripoti hamtaliona. Aliyeandikwa humo ni shangazi yangu, ambaye alishika mwavuli. Mwalimu wangu yuko nyumbani anaangalia kwa kamera hiyo. Mimi sina ruhusa ya kumtazama. Yeye nataka anione."

Beryl alimfinya wifi yake paja, kwa nguvu.

"Fungua, wewe mwanamke. Amegeuka."

Nisimwache msomaji roho juu kwa mambo ya fedha. Fedha alipata. Walimpunguzia alama kwa kutowatazama wasikilizaji, akawa wa pili, na wawili ndio waliochukuliwa. Lakini pale alipokuwa amesimama hakuwa na habari hiyo, wala Rhoda hakuwa nayo.

Rhoda alikiteremsha kitambaa. Kwenye skrini, mkubwa kuliko mlango, ulikuwa mgongo wa kijana mwenye shati jeupe. Hakuwa na kofia. Alikuwa amenyoa kichwa, kimenyolewa mpaka chini, jana au asubuhi ileile, na nyuma ya sikio la kushoto kovu lilikuwepo, halijahama, limekunjamana vilevile, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Lilikuwa limekua kidogo pamoja naye. Vidole vya Rhoda vilianza kusogea vyenyewe juu ya paja lake, taratibu, vikizunguka.

Sajenti alikuwa nje amelala kwenye kivuli cha gari. Rhoda hakujali.

"Sajenti," alisema, na sauti yake ikatoka Darwin kwenye spika za ukumbi, watu wakatazamana. "Mwambie shingo imekonda. Mwambie huko hawampi chakula. Arudi Agosti ale."

Mabega ya kijana yalitikisika. Ya kucheka au ya kulia, kwa mgongo huwezi kujua. Hakugeuka. Aliinama kidogo, ili kovu lionekane vizuri zaidi, akakaa hivyo muda wa mtu kumeza mate, kisha akanyooka akaanza kulieleza jopo habari za chumvi.

Rhoda hakusikia hata neno moja la chumvi. Alikuwa anatazama.